Karasha Likinyamaza

Kila asubuhi karasha lilikuwa limeshaanza kazi kabla sijafika. Nikishuka kwenye bodaboda pale njia panda nalisikia likitafuna mawe upande wa pili wa uwanja wa shule, na kichwa kinaanza kuniuma hata sijasaini kitabu cha mahudhurio. Kwa asiyelijua, karasha ni mashine ya kusaga mawe yanayotoka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo. Linakula mawe linatoa unga, na unga ule ndio unaooshwa kutafuta dhahabu. Mwenye karasha letu alilifunga karibu na shule kwa sababu ndipo nguzo ya umeme ilipofikia. Mwalimu mkuu alilalamika kijijini. Viongozi wa kijiji wakaja, wakaangalia, wakala chakula cha mchana na mwenye karasha, wakaondoka. Baada ya hapo lilisogezwa kidogo, nadhani ili tusije tukasema hatukusikilizwa.

Nafundisha madarasa ya chini, kusoma na kuandika, kwenye shule iliyoko huku tunakokuita upande wa Bulyanhulu. Kazi hii nimeifanya tangu nikiwa msichana mwembamba, kwanza Isaka, ambako watoto walijua kuhesabu malori kabla hawajajua kuhesabu vidole, na sasa huku, ambako wanajua bei ya dhahabu kabla hawajajua jina la wilaya yao. Darasani ninao zaidi ya mia. Wanakaa wanne kwenye dawati la wawili, na waliobaki wanakaa chini mbele, karibu na miguu yangu, kiasi kwamba nikitaka kufika ubaoni lazima niombe njia.

Kusoma hakufundishiki kwenye kelele. Mtoto anatakiwa asikie kwamba pa siyo ba, na wengi wa kwangu wametoka kwenye nyumba ambazo Kiswahili ni mgeni, anakuja na kuondoka na wanaouza vitu. Mimi mwenyewe ni Msukuma, najua walikotoka. Ukichanganya na karasha, pa na ba zote zinakuwa upepo tu. Kwa hiyo nilizoea kufundisha kwa midomo. Naifumba, naonyesha kwa kidole, naiachia, na watoto wananikodolea macho mdomoni. Mtaalamu mmoja aliyekuja kutupa semina alituambia tuzungumze na watoto kwa sauti ya chini na ya upendo. Nilimkaribisha darasani kwangu. Alikaa kidogo, akaniambia kwa kupiga kelele kwamba ameelewa.

Saa sita mchana karasha lilikuwa linanyamaza. Vijana wanaolilisha mawe walikwenda kula, mtambo ukazimwa, na ghafla ukasikia kuku, ukasikia mtu anakohoa barabarani. Ulikuwa ukimya mzuri kabisa wa kufundishia. Lakini saa sita ndiyo saa ambayo watoto wangu wadogo wanakwenda nyumbani, kwa hiyo ukimya ule niliutumia kusahihisha madaftari, na mara nyingine nililaza kichwa mezani.

Binti huyu ninayetaka kusimulia habari zake alikuja katikati ya mwaka, kama wanavyokuja watoto wote wa rashi. Rashi ni pale habari zinapovuma kwamba mahali fulani dhahabu imetoka. Watu wanafunga masufuria na magodoro, wanakwenda, na watoto wanakwenda nao. Mama yake alimleta hadi mlangoni, akanisalimia shikamoo huku amesimama nje, akasema, "Huyu aanze shule, mwalimu." Binti alikuwa mrefu kuliko wote darasani. Alivaa sketi ya shule nyingine, rangi ambayo huku hatuitumii, na ilikuwa imeshapanda juu ya magoti.

Nilimpa kitabu afungue asome. Hakuweza. Nikafanya ninachofanya kwa kila anayekuja hajui kusoma: nikampeleka nyuma, kwenye kundi la wanaoanza, nikaandika a, e, i, o, u kwenye kipande cha ubao, nikamwambia afuate. Aliziangalia zile herufi kama mtu aliyepakuliwa kiporo kilekile cha jana na juzi. Halafu akasema, bila ujeuri wowote, "Hizo nimeshazisoma, mwalimu."

"Wapi?"

Akanitajia. Kwanza kule nyuma ya Katoro, ambako baba yake alichimba. Halafu porini, kwenye rashi ambayo haikuwa na shule, ila kulikuwa na mwalimu aliyefundisha chini ya turubai. Halafu shule nyingine, ya upande wa Kahama. Kila alipofika walimuuliza kama anajua kusoma, akasema hajui, wakamwanzisha a.

"Na baada ya a, e, i, o, u ukasoma nini?"

"Tukahama."

Alizisema zile irabu zote huku anatazama dirishani, kwa wimbo uleule tunaouimba walimu wote wa nchi hii, hata pale pa kuvuta pumzi hakukosea. Nilimtazama nikaona amechoka. Nauelewa uchovu ule kwa sababu ni wangu. Kila Januari na mimi naanza a. Tofauti ni kwamba mimi nalipwa. Nilikasirika sana siku ile, na sikujua nimkasirikie nani. Mama yake alikuwa ameshaondoka, na wale walimu wenzangu walifanya kilekile nilichokuwa nimetoka kukifanya mimi.

Niseme wazi kilichonitia hofu. Mabinti wa machimbo wakishafika urefu ule huwa hawakai tena na watoto wadogo. Wanaona aibu. Wanaanza kuja siku moja moja, halafu wanaonekana na beseni la sahani karibu na maduara, halafu hawaonekani kabisa, na ukiuliza unaambiwa ameolewa. Huyu alikuwa amebakiwa na muda kidogo, mwaka huo au usiwepo mwingine. Akihama tena hajui kusoma, shule inayofuata ingemwanzisha a kwa mara ya tano, na mimi kama ningekuwa yeye ningekataa.

Nilichukua kadi zangu, zile nilizokata kwenye maboksi ya sabuni, nikawa namwonyesha moja moja nitafute alipoishia. M aliijua. K na t alizijua. B aliijua akiiona peke yake, ikikaa na irabu inampotea. Kuanzia s kwenda mbele, kwa mpangilio tunaofundishia herufi, palikuwa giza. Basi nikajua. Hakuwa mzito hata kidogo, alikuwa amefika s. Inashangaza kwamba katika shule zote zile hakuna aliyemuuliza swali hilo, ila kwenye darasa la watu zaidi ya mia unauliza saa ngapi?

Saa ya kumfundisha ilikuwa moja tu, ile ya karasha kunyamaza. Siku ya kwanza nilimwambia abaki. Alitazama jua, akasema hawezi, mama anamsubiri. Mama yake alikuwa anapikia wachimbaji, na saa sita ndipo wachimbaji wanakula. Ukimya wangu ndio uliokuwa pilikapilika za mama yake.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa amejenga kibanda cha turubai na miti, masufuria matatu kwenye mafiga, na vijana wenye vumbi jeupe hadi kwenye kope wamekaa kwenye magogo. Aliponiona alifuta kiti kwa kanga yake.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia Kisukuma ili asidhani nimekuja kwa ubaya.

Akaitikia, akaniwekea wali na maharage kabla hata sijasema kitu. Nikamweleza. Nilisema binti ana akili, nimepata alipoishia, nahitaji saa moja kila siku. Alinisikiliza huku anapakua.

"Mwalimu, sikatai," akasema. "Ila tutahama tu. Akimaliza kujifunza hizo zako, tutahama, na huko wataanza zao."

"Herufi ni zilezile, mama."

"Mbona kila mahali wanaanza upya?"

Nilikula wali wangu. Aliponyanyua sahani yangu ndipo akasema kwamba yeye mwenyewe hakusoma, na kwamba meseji za simu huwa anampelekea kijana wa duka, na kijana wa duka anazisoma kwa sauti mbele ya watu. Hakulalamika, alisema tu. Halafu akanipa masharti yake. Siku ambayo duara limetoa, vijana wanakula nyama, wanaalika na wenzao, hapo hawezi kubaki bila msaidizi. Siku ambayo duara halikutoa wanakunywa uji na kulala. "Siku hizo mchukue," akasema.

Ndivyo nilivyogeuka kuwa mwalimu anayeombea wenzake wakose. Asubuhi nikipita karibu na maduara nilikuwa nachungulia sura za vijana. Nikiona wanacheka, najua leo hakuna somo. Nikiona wamekaa wamenuna, moyo unachangamka. Mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu aliligundua jambo hilo akaanza kunitania, ananikuta ofisini anauliza, "Vipi, leo wamekosa?" Nikisema wamekosa, ananiambia hongera.

Tulikaa mimi na binti nje ya darasa, kwenye kivuli cha ukuta. Sikuimba. Nilimwambia kwangu hakuna wimbo, maana wimbo ndio uliomchosha. Nilimwekea kadi ya s, nikaweka a, akatazama mdomo wangu, akasema sa. Nikaondoa a nikaweka i, kisha u, akahangaika, akapata. Alipolisoma neno zima la kwanza ambalo hajawahi kuliimba popote, neno "sufuria", hakucheka wala kuruka. Alilitazama muda mrefu, akauliza, "Ndiyo hii hii ya nyumbani?" Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo. Akalisoma tena.

Mwanzoni nilimpata mara moja moja. Kisha akaanza kubaki siku mbili mfululizo, tatu, halafu karibu wiki nzima. Tulipita ch na sh, tukapita ny, tukaingia mb na nd. Alikuwa anakwenda mbio, na mimi, kwa uchovu wangu, nikaona Mungu amenikumbuka. Niliwaza tukiendelea hivi atafunga mwaka anasoma kitabu. Sikujiuliza kwa nini duara linakosa kila siku. Mtu mzima, nimekaa machimboni miaka yote hiyo, na sikujiuliza.

Siku moja, nikiwa katikati ya somo la asubuhi, karasha likanyamaza. Haikuwa saa sita. Nilikuwa nimeelekea ubaoni, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikipiga kelele chumba kizima, nikaishusha. Nilipogeuka niliona watoto wote wakubwa wa rashi wameinua vichwa. Wale wenyeji, watoto wa wakulima, waliendelea kuandika. Wale wa rashi walikuwa wanasikiliza. Binti aliweka penseli yake chini ya kifuniko cha dawati taratibu, kama mtu anayefunga mzigo.

Jiwe lilikuwa limekwisha. Kesho yake karasha halikuwaka, na keshokutwa vijana walikuja kulifungua vyuma wakapakia kwenye lori. Mwaka mzima niliomba kitu kile kinyamaze, na kiliponyamaza nilitamani kukipiga teke kiamke. Madawati yakaanza kupata nafasi. Kwanza waliondoka wawili ndugu, wakafuata wa nyuma yao, na asubuhi nyingine nikakuta kila aliyekuwa anakaa chini amepata pa kukaa. Mwalimu mkuu akasema sasa tutafundisha vizuri.

Nikamwomba aandike uhamisho wa binti. Akatoa karatasi, akauliza anahamia shule gani. Nikamuuliza mama yake, akasema watakwenda wanakosikia, labda upande wa Geita, labda mbele zaidi. Mwalimu mkuu alikaa na kalamu mkononi akasema karatasi hii haiwezi kuandikwa "labda". Kwa kweli hakukosea. Na hata ingeandikwa, mama aliniambia karatasi za shule za nyuma ziliungua na turubai kule porini.

Walikuja kuniaga wakiwa na bodaboda. Ilikuwa saa za masomo, shule kimya, unasikia mpaka chaki. Masufuria yalikuwa yamefungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira, godoro juu yake, na binti amesimama pembeni na ile sketi yake ya rangi ya ugenini. Tulikuwa tumefika katikati ya silabi zile ngumu: kwa, mwa na bwa alishazimaliza, shwa tulikuwa tuianze siku hiyo. Kitabu kizima alikuwa hawezi bado. Aliweza kusoma mistari ya mwanzo, akifika kwenye maneno ya namna ile anakwama, anaruka.

Niliangalia mzigo ule nikaona kabisa kitakachotokea. Atafika, ataulizwa kama anajua kusoma, ataona haya, atasema hajui. Ataandikiwa a.

Nikamwambia mama, "Mama, sikiliza. Ukifika shule yoyote, usiseme aanze. Sema, huyu amefika shwa."

"Nani?"

"Shwa. Ni pale alipoishia. Mwalimu yeyote akisikia hivyo ataelewa."

"Amefika shwa," akasema kwa mashaka.

"Na useme asianzie a."

"Amefika shwa. Asianzie a."

Nikamtaka arudie. Akasema tena, safari hii ametulia, anatikisa kichwa kwa kila neno kama anavyofanya mtu aliyetumwa dawa hospitali. Dereva wa bodaboda naye akaanza kurudia, anacheka, "Amefika shwa." Binti alikuwa anaona haya, anachora chini kwa kidole cha mguu. Nilimwambia na yeye aseme. Akasema kwa sauti ndogo. Nikamwambia aseme kwa sauti, karasha halipo. Akasema. Halafu wakapanda wote, mama nyuma, binti katikati, wakaondoka, na mimi nikarudi ndani kufundisha darasa lenye nafasi.

Nitakuwa mkweli, sikuamini kwamba ingesaidia. Nilifanya hivyo kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. Miezi iliyofuata nilifundisha kwa sauti ya chini na ya upendo, kama yule mtaalamu alivyotaka, na nilikuwa mzito asubuhi kuliko siku za kelele. Saa sita nilikuwa nafungua boksi la kadi kwa mazoea, nalifunga. Nilikuwa namuwaza yuko nyuma ya darasa fulani, mrefu kuliko wote, anaimba irabu na anatazama dirishani. Siku nyingine niliwaza hayuko darasani kabisa. Yule mwenzangu wa darasa la tatu hakunitania tena, akawa ananiletea chai.

Mwaka uliofuata duara jingine likafunguka ng'ambo ya barabara, karasha likarudi, na si lile, kubwa zaidi. Watu wakaja na magodoro yao. Watoto wakarudi kukaa chini mbele yangu. Nilianza tena kuomba njia ya kwenda ubaoni.

Asubuhi moja akaja mama mmoja nisiyemjua, mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono. Nilikuwa na homa, sauti imekauka, na niliona tu mtoto mwingine wa rashi. Sikumuuliza kitu. Nilichukua chaki, nikaugeukia ubao wa nyuma nikaanza kuandika. Karasha lilikuwa linanguruma, kwa hiyo aliposema sikumsikia. Akanifuata, akasema karibu na sikio langu:

"Shikamoo mwalimu. Huyu amefika nya. Asianzie a."

Niligeuka. Nikamuuliza nani amemfundisha kusema hivyo.

"Kule rashi tunasema hivyo sisi wote," akasema. "Kuna mama mmoja anapika, ndiye aliyetuambia. Anasema ukifika shule usiposema ulipofika, wanakurudisha."

"Ana binti mrefu?"

"Ndiyo. Yule tunayempelekea simu zetu atusomee meseji." Akanitazama usoni. "Unamfahamu, mwalimu?"

Nikasema namfahamu. Kisha nikachukua kitambaa nikafuta a, e, i, o, u nilizokuwa nimeshamwandikia mtoto wake.